Kitambaa Chekundu Kilichobaki Mfukoni

Vijana wa Kasulu na Kibondo mnaotafuta leseni ya kuendesha miali ya moto jukwaani mmekuwa mkinijia nyumbani, mmoja mmoja na wawili wawili, na swali lenu huwa ni lilelile: mtihani una maswali gani? Nawajibu kwa maandishi, kwanza kwa sababu nimechoka kurudia, na pili kwa sababu sijamwona hata mmoja wenu akija na kalamu. Mtihani wa maandishi hautawashinda. Mtu yeyote anayejua kusoma na kukaa kitako atafaulu. Jambo lililonichelewesha mimi halikuwamo katika karatasi yoyote ya maswali, na ingawa ni aibu yangu, naamini litawafaa kuliko yote ninayoyajua kuhusu gesi.

Jambo hilo ni wivu. Nilimwonea wivu mwenzangu mmoja aitwaye Zuwena. Nasema "nilimwonea" kwa sababu nasimulia ya zamani, si kwa sababu yamekwisha.

Niwaeleze kwanza wale wasioijua kazi. Msanii anapopanda jukwaani, moto ukaruka pande zake mbili kwa kimo kinachozidi cha mtu, kisha ukatoweka kabla hamjamaliza kushangaa, hapo pana watu wawili ambao hamwaoni. Wa kwanza ni mwendeshaji. Yeye hukaa kwenye ubao wa swichi, kidole kikiwa juu ya kitufe ambacho akikiachia tu, gesi inakatika. Wa pili ni mlinzi. Huyu husimama mahali anapoweza kuona jukwaa, mitungi na watazamaji kwa pamoja, na kazi yake ni kitambaa chekundu. Akikiinua, mwendeshaji haulizi sababu, anaachia. Sababu huulizwa baadaye. Hakuna amri nyingine katika uwanja mzima inayotiiwa papo hapo namna hiyo, hata ya mwenye tamasha.

Jambo la pili la kujua ni kwamba gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja, haipandi kama moshi. Hutambaa chini, hufuata mteremko, hujikusanya kwenye mashimo na mitaro. Katika nchi yetu ya vilima, ambako hata uwanja wa mpira una upande wa juu na upande wa chini, hiyo ndiyo kanuni ya kwanza. Fundi Hamadi, aliyetufundisha, alikuwa akifika uwanjani kabla ya mtu mwingine yeyote, anamwaga kopo moja la maji ardhini, anachuchumaa na kuyatazama yanakoelekea. "Gesi itapita hapohapo," alikuwa akisema. "Upande huo asikae mtu na asiwashe mtu." Ninyi mna simu zinazopima mwinamo. Chukueni kopo vilevile.

Fundi Hamadi alikuwa mtu wa Tanga, aliyewahi kuendesha miali kwenye mahoteli ya pwani kabla ya kuoa Kasulu na kuhamia huku na mitambo yake. Mimi nilikuwa mtunza maabara katika shule ya sekondari ya Kibondo. Kabla ya hapo nilikuwa nimesoma seminari, nikafundishwa Kilatini na wazee waliotuchapa kwa ajili ya irabu, na ingawa upadri haukuniangukia, tabia ya kuandika kila kitu ilinibakia. Nilikuwa na daftari dogo lenye jalada gumu. Humo niliandika saa, hali ya hewa, presha ya kila mtungi na jina la kila aliyegusa valvu. Jina langu ni Ladi, lakini mafundi wenzangu waliniita Mwalimu, na hawakuwa wakinisifu.

Kosa langu la kwanza nililifanya harusini Kibondo. Kiungo cha mpira wa gesi hupimwa kwa povu la sabuni: unapaka, unatazama, likitokea puto panavuja. Sabuni ilikuwa imekwisha, nami nikaona si vibaya kupitisha kiberiti kwa mbali. Nyusi zote mbili ziliondoka. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamwuliza jirani yake kama siku hizi ndivyo wanaume wasomi wanavyonyoa. Fundi Hamadi hakunigombeza. Aliniletea kipande cha sabuni ya kufulia kilichofungwa kwa uzi, akanivika shingoni kama medali, nikazunguka nacho mpaka harusi ikaisha.

Zuwena alikuja mwaka uliofuata. Baba yake alikuwa na duka la mitungi ya gesi na majiko pale Kasulu, kwa hiyo msichana huyu alikuwa amekua akiizungusha mitungi kwa mguu kama wenzake walivyokuwa wakizungusha matairi. Hakuwa na daftari. Siku ya kwanza alipita nyuma ya jukwaa akiwa amebeba chai, akasimama, akageuza kichwa, akasema, "Huo wa tatu unapumua." Nilikuwa nimeupaka sabuni mwenyewe muda mfupi uliopita. Nikaupaka tena. Puto moja, dogo kama punje ya mtama, likatokea pembeni mwa kiungo.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Jioni nilikuwa nikiinamisha sikio kwenye mtungi wa jikoni kwetu, nikifungua na kufunga, nijifunze kusikia kama yeye, mpaka mke wangu akaniuliza ninaongea na nani. Sikusikia kitu. Kadiri nilivyokosa kusikia ndivyo nilivyozidi kuandika. Nilijua kanuni kwa namba zake. Nilipokuwa nikizitaja mbele ya Fundi Hamadi, aliitikia kwa kichwa kwa heshima. Zuwena alipokuwa akigeuza kichwa tu, aliacha anachofanya na kumsogelea.

Wakati huo mwenye leseni aliweza kumdhamini mwanafunzi mmoja tu kwa mara moja. Barua ya udhamini ndiyo iliyokufikisha kwenye mtihani wa vitendo, na mtihani wa vitendo ulifanyika katika onyesho halisi, mkaguzi akiwa amesimama pembeni. Nilikuwa nimekaa na Fundi miaka mitano, Zuwena miaka miwili na nusu. Barua akapewa Zuwena. Nilimfuata Fundi nyumbani kwake nikamwuliza, kwa lugha ya adabu kabisa, ni kanuni ipi aliyoitumia.

"Wewe unajua kila kitu, Mwalimu," akaniambia. "Zuwena anajua mapema."

Niliiandika sentensi hiyo daftarini nilipofika nyumbani. Ukurasa huo ninao.

Onyesho la mtihani lilikuwa tamasha la mchana uwanjani Kasulu. Alikuwapo msanii mmoja kutoka Dar es Salaam, ambaye miali ilikuwa ya kumwingiza yeye, na walikuwapo wapiga ngoma wa Mabamba, wanaume wanane wakiongozwa na Mzee Bukuru. Zuwena alikuwa mwendeshaji. Mlinzi nilikuwa mimi. Fundi Hamadi aliniomba mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na macho kama yangu, na nilikubali kwa moyo ambao sitausafisha hapa.

Sharti nieleze habari ya ngoma, kwa kuwa wageni wa kazi hii wanaotoka mijini hawaijui, na vitabu vya mtihani havikuitaja. Ngozi ya ngoma ikipata unyevu hulegea, na sauti yake inakuwa kama mtu anayeongea huku amejifunika blanketi. Dawa yake ni jua. Jua likikosekana, dawa ni moto wa nyasi kavu: unaziwasha, unaipitisha ngozi juu ya mwali, unaigonga kwa vidole, unasikiliza, unarudia mpaka inapanda. Wapiga ngoma wa kwetu hawawezi kupanda jukwaani bila kufanya hivyo, kama vile mpiga gita hawezi kupanda bila kukaza nyuzi.

Zuwena aliyajua hayo. Asubuhi alikwenda kwa Mzee Bukuru, akamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye, mutama", akakaa naye chini, wakapatana kwamba ngoma zitaanikwa juani, na mawingu yakija zitapashwa moto kwenye goli la upande wa juu, mbali kabisa na mitungi. Mitungi yetu ilikuwa nyuma ya jukwaa, upande wa chini. Maji ya kopo la Fundi yalikuwa yametiririka kutoka hapo kuelekea ua wa miti ulio mpakani mwa uwanja. Upande huo tulizungushia kamba.

Saa nane mvua fupi ikanyesha. Baada ya mvua, mshereheshaji akabadili ratiba akawatanguliza wapiga ngoma, wapande mara tu baada ya msanii kuimba wimbo wake wa kwanza. Watu wa Mabamba wakaona goli la juu liko mbali na majani yake yamelowa. Wakachukua nyasi walizokuwa wamezikinga chini ya turubai, wakainua kamba yetu kwa adabu kama mtu anayeinua pazia la jirani, wakaingia chini ya miti palipokuwa pakavu.

Niliwaona. Nilimwona Mzee Bukuru akiinama, nikaona mkono wa mtu ukikinga njiti ya kiberiti, nikaona moshi wa kwanza, mweupe na mzito. Walikuwa chini ya mitungi yetu, katika njia ileile ya maji. Kama kiungo kimoja kingekuwa kimelegea, wanaume wanane wangekuwa wamesimama ndani ya gesi wakiwa na moto mkononi.

Kitambaa kilikuwa mfukoni. Nataka mwelewe vizuri nilichofikiri, kwa maana sikushikwa na bumbuwazi wala sikusahau kazi yangu. Nilifikiri: anajua mapema, basi na ajue. Nikatoa daftari badala ya kitambaa, nikatazama saa, nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Saa tisa na dakika arobaini. Nyasi zinawashwa chini ya mitungi." Kisha nikasimama nikimtazama Zuwena kwenye ubao wa swichi. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, na mshereheshaji alikuwa ameanza kulitaja jina la msanii kwa kulivuta.

Mshereheshaji alipovuta pumzi, Zuwena aligeuza kichwa. Akainua mkono wote juu ya ubao, vidole vimetanuliwa, akapiga kelele mitungi ifungwe. Msanii akaingia bila moto. Watu wakaguna, mshereheshaji akasema moto umeenda kunywa chai, wakacheka. Zuwena alikuwa ameshafika kwenye miti, amepiga goti mbele ya Mzee Bukuru, na wanaume wanane walikuwa wakizikanyaga nyasi kwa miguu mitupu.

Mkaguzi alikuwa mama mwembamba mwenye miwani, asiyeongea haraka. Alituita nyuma ya jukwaa, Fundi Hamadi akiwapo. Alianza na Zuwena: alijuaje?

"Nilisikia ngoma ikigongwa, mama, na ilikuwa inapanda sauti," Zuwena akasema. "Mawingu yametanda. Haiwezi kupanda bila moto. Halafu ilitoka upande wa chini, na tulipatana upande wa juu."

Fundi Hamadi akashusha pumzi kama mtu aliyelishwa chakula cha kwao. Nilimwona. Na hapo, vijana, wivu ukanifanyia kile ambacho adui yangu asingeweza kunifanyia. Sikuvumilia sikio lisifiwe mbele ya macho.

"Mimi niliona kabla yake," nikasema.

Mkaguzi akanigeukia. Akaniuliza nina hakika gani. Nikampa daftari, limefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe, nikiwa na fahari ya mtu aliyeandika saa. Akalisoma. Akatoa karatasi yake akazilinganisha.

"Hapa ni saa tisa na dakika arobaini," akasema. "Mimi nimeandika kwamba mwendeshaji aliachia saa tisa na dakika arobaini na mbili. Kitambaa kiko wapi?"

Nikakitoa. Kilikuwa kimekunjwa mara nne, na mikunjo imenyooka.

"Umekipiga pasi vizuri," akasema, akanirudishia daftari.

Zuwena alinisubiri mpaka wengine walipoanza kukunja mipira ya gesi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka Ladi, ulikuwa unasubiri nikosee, au ulikuwa unasubiri waungue?" Nilimwambia sijui. Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo lililonitisha kuliko mengine yote.

Zuwena alipata leseni. Kuhusu mimi, mkaguzi aliandika kwamba nisipokelewe kwenye mtihani mpaka mwendeshaji mwenye leseni, aliyenitazama nikiwa mlinzi kwa muda wa kutosha, aweke sahihi yake kwamba ninaaminika. Nilimwomba Fundi Hamadi. Alikataa bila ukali. Alisema si yeye aliyekuwa ameketi mbele ya gesi siku ile. Miezi michache baadaye mgongo ukamrudisha kwao Tanga. Katika wilaya zetu akabaki mwendeshaji mmoja tu.

Ilinichukua masika nzima kwenda dukani kwa baba yake. Nilimkuta Zuwena akipanga regulata kwenye rafu. Nilikuwa nimeandaa maneno, yenye utangulizi na hitimisho, lakini aliyakata katikati.

"Ukisimama na mimi, utasimama mpaka niseme basi."

"Mpaka lini?"

"Sijui," akasema. "Na wewe siku ile hukujua."

Nilisimama miaka mitatu. Tulizunguka Kibondo, Kasulu, Kakonko, kwenye viwanja vya mpira, viwanja vya shule na mikutano ya kwaya. Watu walisema "moto wa Zuwena", hata siku ambazo mitambo yote niliifunga mimi. Wapishi walimwekea yeye nyama na mimi mchuzi. Nilihesabu mambo hayo yote, nami ni mhesabuji mzuri. Lakini kitambaa nilikiinua. Nilikiinua kwa ajili ya mbuzi aliyeingia chini ya jukwaa, kwa vumbi nililodhani ni moshi, kwa mama aliyekuja na jiko la mahindi. Mara nyingi nilikuwa nimekosea. Zuwena aliachia kila mara, na hakuwahi kunitazama kwa kunilaumu. Msanii mmoja aliyeharibiwa uingiaji wake kwa sababu ya yule mbuzi alimjia juu akitaka kujua nini kimetokea. "Kamuulize kaka Ladi," Zuwena akamjibu. "Mimi mwenyewe sijamuuliza bado."

Nilijifunza pia kwamba nusu ya kazi hii ni kukataa. Mchungaji mmoja Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu alikuja na barua nzuri, akiomba miali kwa ajili ya Pentekoste ndani ya kanisa lao la maturubai. "Dada, batu banakuya mingi," alimbembeleza Zuwena, "na tulishawaambia moto itakuwa." Mimi nilikuwa tayari nimefungua kanuni nimsomee. Zuwena aliligusa turubai kwa vidole viwili, akamwuliza mchungaji kama alitaka moto ushuke au upande. Mchungaji alitazama juu, akafikiri, akacheka mpaka akakaa. Nilimwonea Zuwena wivu kwa hilo pia. Kanuni yangu ilikuwa na maneno mia na zaidi.

Mwisho wa mwaka wa tatu aliniita dukani akanipa fomu ya udhamini aliyokwisha kuijaza. Mtaiona nanyi. Mstari wa mwisho unauliza kama mwombaji ana dosari inayoweza kuathiri usalama, na wadhamini karibu wote huandika "hana". Zuwena alikuwa ameandika sentensi tatu: "Ana wivu. Anaona kila kitu. Kitambaa sasa kinainuka kwa wakati."

Nilimwomba afute ile ya kwanza.

"Nikiifuta hiyo," akasema, "ya tatu itakuwa na maana gani?"

Fomu ilikwenda hivyohivyo. Leseni nikapata, nikaendesha miali mpaka macho yalipoanza kunidai miwani mizito, nikastaafu kwa heshima. Ningeweza kukomea hapa, mkaamini kwamba nilipona.

Kiangazi kilichopita nilikwenda kwenye tamasha Kibondo kama mtazamaji, nikakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya watu. Zuwena, ambaye sasa naye ana mvi, alikuwa kwenye ubao wa swichi. Mlinzi wake alikuwa binti mmoja aliyemfundisha mwenyewe, mwangalifu, ila wakati huo alikuwa ametazama jukwaa. Mimi nilikuwa nimeshaangalia ardhi inainamia wapi. Niliona mwuza mahindi akilisogeza jiko lake, makaa mekundu kabisa, chini ya mitungi.

Kitambaa bado natembea nacho. Msiniulize sababu. Nilisimama juu ya kiti nikakiinua, mzee asiye na kazi wala cheo katika uwanja ule, huku watu walio nyuma yangu wakinivuta shati nikae chini. Zuwena alikuwa mbali, upande wa pili wa kichwa cha kila mtu. Aliona rangi, akaachia.

Jiko likaondolewa, tamasha likaendelea. Baadaye alipita kwenye kiti changu, akaniwekea mkono begani, akauliza, "Dakika ngapi, kaka Ladi?" Nikamwambia sikutazama saa. Akacheka, akaenda kufunga mitungi.

Njiani kurudi nyumbani nilimwonea wivu upya, na safari hii halikuwa sikio lake wala moto wake. Hakuuliza ni nani aliyekiinua kitambaa, wala kwa nini. Mimi, kwa kitambaa cha mtu aliyewahi kukiacha mfukoni, sina hakika kama ningeachia.